Mjomba, nimeunguza akaunti nikifuata nyundo kwenye chati, sasa naiwazia hela ya kikoba ya mke wangu

Shikamoo mjomba. Mimi kijana wako wa hapa Kigoma, nakaa Mwanga, kazi yangu dagaa pale Kibirizi, nanunua mbichi alfajiri mitumbwi ikiingia, naanika, zikifika gunia za kutosha kuna mtu napakia nae kwenda Dar. Maisha yalikua yanaenda tu. Sasa mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, ile 15 Mei mpaka 15 Agosti, nikakaa bure, na rafiki yangu mmoja akaniingiza kwenye forex, ile biashara ya kununua na kuuza sarafu za nje mtandaoni, akanionyesha chati ya mishumaa kwenye simu, nikaona mbona hiki kitu kinaeleweka. Nikawa nakesha na video, bando linaisha naweka lingine, nikajua umbo la mshumaa wanaloliita nyundo, nikajua doji, nikajua ule mshumaa unaomeza wa nyuma yake, nikajua nyota ya asubuhi. Mwalimu mmoja wa mtandaoni anaefundisha kwenye grupu anasema ukishajua mishumaa ya mgeuko huhitaji kitu kingine, na kuweka stop losi, ile oda inayokutoa sokoni hasara ikifika pale ulipopanga, ni woga.

Nikaweka milioni moja na laki tatu na nusu, ilikua kama dola 500, na mjomba hela hiyo ndo ulikua mtaji wangu wa kuanzia ziwa likifunguliwa. Wiki mbili za mwanzo nilipata kidogo kidogo. Halafu Ijumaa moja ya kwanza ya mwezi bei ya dhahabu, nayo inauzwa humohumo, inashuka tangu mchana, mimi niko chati ya dakika 5, nikaona nyundo nzuri kabisa nikanunua loti 0.10 (loti ndo kipimo cha ukubwa wa unachonunua), ikashuka, ikatokea nyundo nyingine chini yake nikaongeza 0.10, ikashuka tena, nyundo ya tatu nikaongeza tena 0.10 nikijua hapa sasa lazima igeuke, saa tisa na nusu ukatoka mshumaa mmoja mwekundu mrefu kama mnazi, nikafunga mwenyewe mikono inatetemeka. Zilibaki dola 118.

Mke wangu hajui. Nimemwambia nimewekeza. Sahivi dagaa nachukua kwa mkopo kwa wenye mitumbwi nalipa nikishauza. Kikoba chao wanagawana Desemba na mgao wake ni kama laki tisa, alikua anataka friji auze juisi na barafu hapo nyumbani, mimi nawaza nimwombe hiyo hela nirudishe mtaji maana makosa yangu nishayajua, na mwalimu anasema nikilipia grupu lake la VIP laki na nusu atanionyesha zile nyundo za kweli. Naomba uniambie, nyundo ya kweli naijuaje? Na hiyo hela niombe au nisiombe?

Mpwa wako, Kibirizi.

...

Marahaba mpwa wangu. Pole sana, na asante kwa kusema namba zote bila kuficha, maana wengi wananiandikia "nimepoteza kidogo" halafu ukihoji unakuta kiwanja kimeenda. Nianze na swali la mwisho maana hilo haliwezi kusubiri: usiombe. Hela ya mgao wa mke wako usiiguse, na nitakueleza kwanini kwa hesabu siyo kwa kukugombeza. Ila kwanza tuongee nyundo, kwa sababu najua nisipokujibu hilo utaenda kulipia laki na nusu upate jibu ambalo wewe mwenyewe unalo pale Kibirizi kila asubuhi.

Chukua siku moja ya soko. Tuseme saa kumi na mbili asubuhi beseni la dagaa limeanza kuuzwa 40,000. Mitumbwi ikaendelea kuingia, imejaa, wenye mali wakaanza kuogopa dagaa wataharibika mkononi, saa mbili beseni likafika 28,000. Hapo wakatokea wanunuzi wa jumla, wakanunua kila kilichopo, bei ikapanda tena ikagusa 40,500, soko likafungwa kwenye 39,000. Una bei nne tu: ya kufungua, ya juu kabisa, ya chini kabisa, ya kufunga. Ukizichora umepata mshumaa. Mwili ni kutoka 40,000 mpaka 39,000, mfupi, uko juu, utambi wa juu ni wa 500 tu, na ule wa chini, wengine wanauita mkia, umeshuka mpaka 28,000, yani mkia wa 11,000 kwa mwili wa 1,000. Hiyo ndo nyundo yako. Sharti linalotajwa siku zote ni mkia uwe angalau mara mbili ya mwili na juu kusiwe na utambi au uwe kidogo sana. Na ona, mshumaa huo ni mwekundu kwa sababu soko limefunga chini ya lilipofungulia, lakini bado ni nyundo, rangi siyo kitu kikubwa ingawa ya kijani inapendeza zaidi.

Na hii mishumaa haikuzaliwa kwenye simu wala kwenye dola. Imetoka Japani, kwa watu wa mchele, soko la Dojima kule Osaka ambalo serikali yao ililitambua rasmi mwaka 1730, na mpaka leo anasimuliwa mfanyabiashara wa mchele Homma Munehisa wa Sakata kuwa ndiye baba wa kusoma soko kwa namna hii. Watu wa mali ya kuliwa, inayofika kwa boti, inayopanda na kushuka kwa mavuno na kwa hofu. Ni watu kama wewe kabisa, kwahiyo usijione mgeni kwenye jambo hili.

Sasa nikuulize kitu. Siku ile beseni lilishuka 28,000 likarudi 39,000, wewe kesho yake ungeenda kununua mabeseni 50 kwa sababu tu ya ule mkia? Najua usingefanya. Ungeuliza kwanza, waliyonunua ni nani, wana gari linalosubiri leo tu au wanarudi na kesho? Mbalamwezi iko wapi? Maana unajua vizuri kuliko mimi kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, mali inaadimika na bei inapanda hata kama jana yake ilikua chini kabisa, na giza likirudi mali inarudi na bei inashuka. Ungeangalia pia bei imeshuka kwa muda gani, siku moja au wiki tatu. Ungesubiri uone asubuhi inayofuata inafunguliwaje. Yote hayo unafanya bila kufundishwa, halafu ukishika simu unayaacha nje ya mlango.

Kwahiyo nyundo ya kweli, kwa uelewa wangu, haipo kwenye umbo. Zile tatu ulizoziona Ijumaa zote zilikua na umbo sahihi, sina shaka. Umbo linakwambia kitu kimoja tu, kwamba ndani ya muda huo wauzaji walisukuma na kuna mtu akapokea. Halikwambii kama huyo aliyepokea bado ana hela.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni mahali. Nyundo inatakiwa ije baada ya mshuko wa maana, na ije kwenye bei ambayo soko lilishawahi kugeukia huko nyuma, ile wanaita sapoti. Umbo hilohilo likitokea juu baada ya mpando linabadilika jina na maana, wanaliita mtu aliyenyongwa, linaonya kwamba wanunuzi wameanza kuchoka. Hivyo hivyo nyundo ikigeuzwa kichwa chini, utambi mrefu juu: ikiwa chini ya mshuko wanaihesabu kama dalili ya kupanda, ikiwa juu ya mpando ni kimondo, dalili ya kushuka. Umbo moja, majina mawili, kinachotofautisha ni pale lilipokaa. Mtu anaekufundisha maumbo bila mahali amekufundisha nusu, na ni ile nusu isiyokua na hela.

Halafu muda wa chati, hapa ndo uliumia zaidi. Kwenye chati ya dakika 5, yani kila mshumaa umebeba dakika 5, siku nzima ya sarafu ina mishumaa 288. Ya saa 4, yani kila mshumaa umebeba masaa manne, ina 6. Ya siku ina mmoja. Katika mishumaa 288 lazima utaona nyundo, utaona doji, utaona kila kitu ulichokiona kwenye video, kwa sababu bei ikitikisika kidogo tu inaacha mkia. Ukitafuta nyundo kwenye dakika 5 ni kama ukasimame Kibirizi uandike bei kila anapopita mnunuzi mmoja halafu useme soko limegeuka. Ile ya siku nzima imebeba watu wengi, benki, wauzaji wakubwa, Asia, Ulaya na Marekani wote wamepita humo, mkia wake una uzito.

Na mshumaa usiofungwa siyo mshumaa. Hili naomba ulishike sana. Dakika ya nne unaona nyundo, dakika ya tano imekua mwili mrefu mwekundu na hiyo nyundo hakuna atakaeikumbuka ila wewe ulienunua. Unasubiri ufunge. Ukishafungwa unasubiri na unaofuata, ukifunga juu ya kilele cha nyundo basi kuna watu wamekubali, ukivunja chini ya mkia basi ile nyundo imekufa na wewe huna hasara yoyote maana hukuingia. Najua kusubiri kunafanya ukose baadhi, utaingia bei ya juu kidogo, ni sawa, hiyo ndo gharama yake. Mshumaa wa siku kwa madalali wengi, zile kampuni unazofungulia akaunti, unafungwa saa 11 jioni ya New York, kwetu ni saa sita usiku wakati wao wako kwenye saa za kiangazi na saa saba usiku miezi mingine, kwahiyo hata kukesha hakuna haja, unaamka alfajiri kama kawaida yako unakuta ushafungwa. Na ule wa saa 4 unaweza kuonekana nyundo kwa dalali mmoja na usionekane kwa mwingine, sababu seva zao, yani kompyuta zinazochora chati, hazianzi kuhesabu kwa wakati mmoja. Jiulize nyundo ambayo inategemea saa ya seva ina nguvu gani.

Hizo nyingine kwa haraka. Doji peke yake siyo mgeuko, ni soko limefungua na kufunga bei ileile au karibu sana, halijaamua. Unaomeza, mwili wa pili ufunike mwili wote wa kwanza, mimi huu naupenda kuliko nyundo kwa sababu unaonyesha upande wa pili umefika na hela ya kutosha kufuta kazi yote ya jana, ila na wenyewe uwe kwenye mahali. Nyota ya asubuhi ile ya vitabu inataka pengo kati ya mshumaa na mshumaa, na kwenye sarafu soko linatembea saa 24 siku tano, mapengo karibu yote yanatokea Jumatatu tu linapofunguliwa, kwahiyo nyingi unazoonyeshwa kwenye video za forex zimelazimishwa.

Sasa ile saa tisa na nusu. Mpwa wangu ule haukua mshumaa wa ajabu, ilikua ripoti ya ajira ya Marekani, NFP, mara nyingi hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi saa 2:30 asubuhi ya New York, huku kwetu saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu kutegemea msimu wa saa zao. Dhahabu kwa habari ile inaweza kuruka dola nyingi ndani ya dakika moja. Hakuna nyundo ya dakika 5 inayojua namba ambayo haijatoka. Huyo mwalimu alietakiwa kukwambia "leo kaa pembeni" hakukwambia, na hilo mimi limeniuma.

Tuje kwenye hesabu. Loti moja ya dhahabu ni aunsi 100, kwahiyo 0.10 ni aunsi 10, kila bei ikishuka dola 1 wewe umepoteza dola 10. Ulikua nazo tatu, ikawa dola 30 kwa kila dola 1 ya soko, kwenye akaunti ya 500, na dhahabu siku moja ya kawaida inaweza kutembea dola 30 na zaidi. Hata nyundo ingekua ya kweli usingefika nayo, ungetolewa njiani kabla haijageuka. Kuongeza ununuzi huku inashuka ndo kulikokuua, siyo kutojua mishumaa.

Na sasa una 118. Kurudi 500 unatakiwa kila dola izae nyingine tatu na zaidi. Tuseme umepata nyundo safi ya siku kwenye dhahabu, mahali sahihi, imethibitishwa, na stop losi chini ya mkia iko mbali dola 25. Loti ndogo kabisa madalali wengi wanayotoa ni 0.01, yani aunsi 1, kwahiyo ukikosea mara moja umepoteza dola 25, ni zaidi ya asilimia 20 ya ulichonacho. Watu wanaodumu kwenye hii kazi wanahatarisha asilimia 1 au 2 kwa mara moja. Euro na dola nako, stop losi ya pipi 60 (pipi ni ile hatua ndogo ya bei ya sarafu) kwa 0.01 ni dola 6, bado ni asilimia 5. Akaunti yako haiwezi kubeba nyundo ya kweli, inaweza kubeba zile za dakika 5 tu, na zile ndo za uongo. Ukiongeza laki tisa ya mke wako utakua na dola mia tatu na kitu juu ya hizo, bado hutofika hata ulikoanzia, na utakua unatredi kwa hofu ya kumwangalia usoni. Mtu mwenye hofu haweki stop losi anapotakiwa na hasubiri mshumaa ufunge. Ndomaana nasema usiombe.

Nisikufiche na hili. Mwaka 2006 Ben Marshall na wenzake walipima mishumaa hii kwenye hisa za Dow Jones za Marekani za mwaka 1992 mpaka 2002, wakakuta kufuata maumbo peke yake hakuleti faida. Na mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, mwaka 2018 ilisema akaunti za watu wa kawaida kwenye biashara ya aina hii zinazopoteza hela ni 74 mpaka 89 kati ya kila 100. Mimi bado nasoma mishumaa kila siku kwa sababu inanionyesha wapi watu walipigania bei, lakini sijawahi kuiamini peke yake, na sikushauri wewe uanze.

Huyo wa VIP, kabla hujamlipa hata mia, mwombe nywila ya kutazama tu ya akaunti yake halisi, MetaTrader inayo hiyo nywila, unaona kila alichonunua na kuuza bila kuweza kugusa kitu. Mwambie unataka kuona mwaka mzima. Akikutumia picha za simu zenye faida mwambie asante, umalizane nae hapo.

Hizo dola 118 ziombe zitoke, leo. Zinakaribia laki tatu, pale Kibirizi unajua mwenyewe zinanunua nini na zinapunguza deni la nani. Chati bakia nayo ya demo, hela ya mchezo, fungua euro na dola ya siku, rudi nyuma miaka kadhaa uende mshumaa mmoja mmoja, kila nyundo iliyokuja baada ya mshuko iandike kwenye daftari: ilikaa kwenye sapoti au hewani, uliofuata ulifunga juu ya kilele au hapana, na baada ya siku tano bei ilikua wapi. Ukifika 50 utaona kwa macho yako ngapi ziligeuka, na ngapi kati ya hizo usingeziingia kama ungesubiri. Hakuna atakaekuuzia hicho kitu. Na ukurasa wa nyuma wa daftari hilohilo andika bei nne za beseni kila asubuhi na mwezi uko wapi, hiyo chati itakulipa mapema kuliko ya dhahabu.

Kuhusu mke wako, mwambie kabla ya Desemba, usisubiri siku ya mgao. Siyo mbele ya ndugu, siyo kwa meseji. Mkae baada ya chakula watoto wakilala, umwambie namba kama ulivyoniambia mimi: niliweka milioni moja na laki tatu na nusu, zimebaki 118 za dola, nimeshaziomba zitoke, nadaiwa na fulani na fulani kiasi hiki. Atakasirika, ana haki, muache aseme mpaka amalize. Mwambie pia hela ya kikoba ulitaka kuiomba na umeacha. Halafu muulize friji analolitaka ni la lita ngapi na lipo duka gani, mana siku likija mtahitaji mtu wa kulibeba kulipandisha huko Mwanga, na huyo inabidi uwe wewe.